Barakoa za Mfuko wa Shati

Kwanza salamu. Mlinzi wetu wa geti anasalimiwa na daktari mfawidhi, wauguzi, watu wa maabara, mama wa jikoni, dereva wa gari la wagonjwa na sisi wa usafi. Nyumbani kwangu anasalimiwa na mume wangu, mama mkwe ambaye miguu bado inamsumbua, mapacha, na kitindamimba wangu. Sote wazima, hofu ni kwake.

Tarehe thelathini mwezi huu anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye geti la kituo chetu cha afya. Aliwahi kumweka nje nusu saa mkaguzi aliyesahau kitambulisho. Mkaguzi alimsifu kwenye ripoti, lakini tangu siku hiyo anapiga simu kabla ya kuja.

Mimi nilimjua kabla sijaajiriwa. Mwaka ule wa maradhi ilitoka amri, asiye na barakoa asipite, na madukani zimekwisha. Nikafika na kitindamimba mgongoni, miaka miwili, homa kali, anahema kama aliyepandishwa mlima. Nikajiziba na mtandio. Akaniambia dada yangu, mtandio wameukataa, nisamehe. Hakufungua.

Nilitembea kidogo, nikakaa ukingoni mwa mtaro nalia. Mara nasikia naitwa, dada wee, usiondoke. Kumbe amekata mfuko wa shati alilovaa pamoja na kitambaa cha nyuma yake ili nguo iwe mara mbili, akashonea kamba za viatu vyake. Sindano alikuwa nayo siku zote kwenye kofia. Kifungo cha mfuko alikisahau, kikanikaa katikati ya mdomo. Nikaingia hivyo hivyo. Mtoto akawekwa kwenye oksijeni, na muuguzi akasema ningesubiri mchana tungekuwa tunaongea mengine.

Kwa shati lile alipewa onyo la maandishi. Akalikunja, akaomba sare kuukuu zote za stoo. Akashona mifuko mchana kutwa, jioni anaifua kwa sabuni na maji ya moto, anaianika kwenye uzio. Vifungo akaviacha makusudi. Akina mama kwenye foleni wakimtania, babu, nifungulie niongee, anawajibu kwamba wengine angewashonea viwili. Basi jina likawa Babu Kifungo. Toka siku ile hakuna mgonjwa aliyerudishwa getini kwa kukosa barakoa.

Sasa anahamia kwa binti yake, mbali. Babu, kule kuna baridi, vaa soksi. Dawa ya presha usiruke hata siku moja, nakujua. Asante kwa miaka yote, na kwa asubuhi ile sina neno la kutosha. Tunakuombea mapumziko ya raha na miguu myepesi.

Ukifika tu, tuma anwani, tena upesi. Mtoto yule wa homa sasa yuko darasa la pili, anaandika kunishinda mimi. Barua yako ameshaifikisha nusu ukurasa na hataki nimsaidie.