Zamu ya Jumamosi ya Bai Indumati

Ndugu wafiwa, majirani na wanafunzi wa zamani, mimi Sulabha, mkwe wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea safari ya maisha yake kabla moto wa kumchoma haujawashwa, kama ilivyo desturi yetu, na naomba mnivumilie nikikwama, maana aliyenifundisha kusoma ndiye huyu aliyelala hapa.

Marehemu Indumati Belsare, ambaye sote tulimwita Bai kama tunavyowaita walimu wetu wa kike, alizaliwa tarehe 14 Juni 1941 hapa Kumbharwadi, wilaya ya Wardha, mtoto wa tatu wa mfumaji vitambaa, akasoma shule ya kijiji, kisha chuo cha ualimu Nagpur alikohitimu mwaka 1961, na huko ndiko alikoanza kuandika falsafa yake, kwamba mtoto ana kichwa, mikono na moyo, na shule inayolisha kichwa peke yake inaviacha viwili na njaa.

Tarehe 1 Julai 1965 alifungua shule yake katika ghala la pamba lililoachwa, akiwa na watoto kumi na tisa, wakajifunza hesabu kwa kupima mashamba, sayansi kwa kupika dengu na mikate ya mtama, na kuanzia darasa la nne kila mmoja, awe wa tabaka lolote, aliosha vyoo kwa zamu, Jumamosi ikiwa zamu ya Bai mwenyewe. Tarehe 6 Mei 1967 alifunga ndoa na marehemu Shankarrao Belsare, karani wa posta, aliyependa kutamba kwamba ameoa shule nzima, wakajaliwa mtoto mmoja, Anirudh, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1968, ambaye ndiye mume wangu.

Sasa hapa lazima niseme ukweli, na baba yangu anisamehe, yupo pale mbele amekaa. Mwaka 1978, nikiwa na miaka tisa, zamu yangu ilifika, na baba, ambaye ndiye Patil, mkuu wa kijiji, akaja shuleni akifoka, "Wee Bai, binti yangu aoshe choo cha watu, una wazimu?", naye Bai akamjibu taratibu, "Patil-saheb, aliyeosha mwenyewe hamdharau anayeosha." Baba akanitoa shule, akaandika barua wilayani, watoto arobaini na mmoja kati ya sitini na wawili wakaondolewa na wazazi wao, na tarehe 12 Septemba mkaguzi akaja na amri ya kuifunga shule, iliyobakiza sahihi yake tu.

Mkaguzi akaniita niwe shahidi, akauliza nimejifunza nini pale, nami nikachukua chaki nikachora sakafuni hesabu tuliyoifanya darasani, siku ambazo watoto waliugua kuhara kwa mwaka, nyumba zenye choo siku kumi na nne, nyumba zisizo na choo siku mia mbili na kumi, nikamalizia, kwa ujinga wa utoto, kwamba nyumba ya Patil imo kwenye mstari wa pili, maana sisi twaenda shambani na kopo. Loo, watu walicheka mpaka wakashika mbavu! Mkaguzi akafunga faili, akasema, "Patil-saheb, shule siifungi, wewe kajenge choo." Choo kilijengwa ndani ya mwezi, watoto wakarudi wote, na baba, baada ya kumnunia Bai miaka miwili, mwaka 1991 akanioza kwa mwanawe.

Shule ile leo ina watoto mia nne. Tulishinda, jamani, na hilo silisemi kwa kunong'ona.

Machi mwaka huu moyo wake ulianza kudhoofu, akatibiwa Nagpur, akarudi nyumbani kama alivyotaka, na jana Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024, saa kumi na mbili jioni, alituacha akiwa na miaka themanini na mitatu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, na walimu wenzake waliokesha nasi.

Leo asubuhi nilikwenda shuleni na ndoo kushika zamu yake, nikakuta vyoo vimeshaoshwa, sakafu bado mbichi, na baba yangu, mwenye miaka themanini na minane, anasuuza fagio. Akaniambia, "Usinitolee macho, mwanangu, zamu ni zamu."

Pumzika kwa amani, Bai, Jumamosi yako imefanywa.