Brashi Sasa Anaona Ng'ambo

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya injini mbili mbovu, pale barabara ya lami inapokutana na uchochoro wa mafundi. Mimi ni Soli, fundi viatu, nakaa mwanzo wa ubao na kisanduku changu cha misumari na gundi. Mwisho wa ubao anakaa Betri, anayefungua simu za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu moja pungufu. Katikati, mahali ubao usipobonyea, ni pa Profesa, ambaye kwa miaka mingi alilinda mlango wa maktaba na anasema vitabu vilimwingia kupitia mgongoni. Kahawa ni ya Shangazi. Ukimfurahisha anakumiminia, ukimuudhi unabaki kunusa. Asubuhi hiyo alikosekana mtu mmoja, Brashi, mchora mabango, na kwa kuwa hayupo, tukawa tunamsema yeye.

— Kampita mama mkwe wake, — alisema Betri. — Wiki iliyopita, hapo hapo ng'ambo. Mama kasimama na kikapu chake, anamtazama. Brashi naye anamtazama. Halafu akapita zake kama anapita nguzo ya umeme.

— Hata salamu? — akauliza Shangazi.

— Hata kukohoa.

Shangazi akatua birika. Kumpita mkwe barabarani bila salamu si jambo la kusikiliza huku umeshika kitu cha moto.

— Ni kiburi, — Betri akaendelea. — Amepata kazi ya kuandika bango la lile ghorofa jipya. Tangu siku ile mimi nampungia mkono haitikii.

— Si kiburi, — alisema Profesa. — Ni rangi. Thina ya kuyeyushia rangi inapanda kichwani, inafuta watu. Inaanza na wakwe, inakuja kwa mashemeji, mwisho mtu anamsahau mkewe.

— Kwa nini ianzie ukweni?

— Kumbukumbu za ukweni zimekaa juu juu. Ndizo za kwanza kufutika.

— Hebu acheni, — nikasema. — Mimi naona kuna kitu. Nendeni mkaangalie ukuta wa kinyozi aliouandika mwezi uliopita. Herufi moja moja ni safi kabisa, lakini mstari wenyewe unapanda kama unatafuta dari.

— Hiyo ni huzuni, — akasema Profesa.

— Huzuni inashuka, — akasema Betri. — Ikipanda ni kiburi. Nimewaambia.

Profesa alikuwa akijiandaa kutuambia kuhusu mtu aliyewahi kumjua, aliyevuta harufu ya rangi mpaka akaanza kuiamkia milango, tuliposikia sauti kutoka upande wa pili wa barabara.

— Betri! Umekosea vifungo!

Betri akajitazama kifuani. Kweli, shati lilikuwa limefungwa upande, kola moja imelipita sikio. Tukainua vichwa. Brashi alikuwa anavuka barabara na ndoo yake ya brashi, na usoni alikuwa amevaa miwani nyeusi ya fremu nene.

— Mheshimiwa! — Betri akaruka. — Karibu mheshimiwa! Umeiazima wapi hiyo?

— Niache nikae kwanza, — alisema Brashi. Alikuwa anacheka, lakini macho nyuma ya vile vioo yalikuwa ya mtu aliyelia, tena si muda mrefu.

Shangazi hakumpa kahawa.

— Mkweo ulimpita kwa nini?

— Sikumwona, Shangazi.

— Alikuwa mbele yako.

— Niliona bluu imesimama. Juu bluu, chini kitu cha njano, sasa nadhani kilikuwa kikapu. Watu wote wa ng'ambo kwangu walikuwa rangi tu. Wewe Profesa nilikuwa nakujua kwa kikohozi. Betri kwa kelele. Mtu asipokohoa wala kupiga kelele, nilikuwa nampita.

— Tangu lini?

— Mwaka. Labda zaidi.

Hapo hata Betri akaacha kuhangaika na vifungo vyake. Baba yake Brashi tunamjua sisi sote. Alikuwa fundi rangi wa nyumba, mkono mtulivu kuliko wote mtaani, mpaka presha ya macho ikaanza kumla uoni kutoka pembeni, polepole, ikafika katikati ikafunga. Siku hizi anakaa kibarazani kwake na anawajua watu kwa nyayo.

— Nilijua imenifikia na mimi, — akasema Brashi. — Si nimetoka kwake? Nikasema nikinyamaza labda itachelewa. Vya karibu nilikuwa naviona vizuri, pua ikiwa ukutani kazi inakwenda. Tatizo ni kushuka ngazi. Fundi ukishuka lazima urudi nyuma uangalie mstari umekaaje. Nilikuwa narudi nyuma, nashika kiuno, natikisa kichwa kama nimeridhika. Sioni kitu! Naona ukuta umepakwa uji.

— Ule wa kinyozi… — nikaanza.

— Nimeuona leo, Soli. Mungu anisamehe. Nitakwenda kuufuta.

Basi akatuhadithia. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, akalia. Mkewe Brashi akamngoja arudi kutoka kazini, akamwekea kiti, akasimama mbele yake.

— Akaniambia, "Ama umetuchoka, ama huoni. Niambie moja." Nikamwambia sioni. Basi yule mwanamke akakaa chini sakafuni akaanza kucheka. Nikamuuliza unacheka nini, akasema, "Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa lile la kwanza." Kisha ndipo akalia.

Asubuhi iliyofuata mkewe akamshika mkono wakaenda kliniki ya macho. Brashi alituonyesha kwa vitendo, akisimama na kukaa. Kuna mashine ilimpulizia upepo jichoni ghafla, akaruka mpaka kiti kikaanguka. Wakamvika fremu ya chuma nzito kama kitasa cha geti, daktari akawa anabadilisha vioo na kuuliza, "Hiki au hiki?" Brashi akawa anajibu kwa kunong'ona, akiogopa kukosea asije akapewa upofu kwa sababu ya jibu baya.

— Kisha akazima taa, akanimulika ndani ya jicho. Mimi namsikia anavyopumua tu. Akawasha taa, akasema, "Presha yako iko sawa. Mshipa wa nyuma uko salama. Wewe huoni mbali, basi. Tiba yake ni kioo." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia mwambie na mke wangu. Akatoka mpaka kule kwenye mabenchi akamwambia. Nilipovaa miwani hii nikasimama mlangoni nikamtazama mke wangu yuko mwisho wa ukumbi kule, nikaona anafuta pua na ncha ya mtandio. Umbali wote ule, nikaona ncha ya mtandio!

Shangazi akamjazia kikombe mpaka ukingoni, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote pale.

— Ila kila mwaka nirudi wanipime, — Brashi akaongeza. — Kwa ajili ya mzee. Daktari anasema presha ya macho haiumi wala haipigi hodi. Lakini leo sina.

— Leo huna, — akaitikia Shangazi, na akashusha pumzi kama yeye ndiye aliyepimwa.

Raha ilipotulia, ndipo Brashi akafanya kosa la kutuuliza ushauri.

— Miwani hii na jasho haipatani. Nikiwa juu ya ngazi inateleza. Daktari kasema ninaweza kuvaa lenzi badala yake, zile zinazokaa juu ya jicho lenyewe.

— Usithubutu! — Betri akapiga kelele. — Ile ukikonyeza vibaya inazunguka nyuma ya jicho. Ikishafika nyuma inakwenda kwenye ubongo. Mimi nafungua vitu, najua njia zinavyopita.

— Nilimuuliza hilo. Anasema nyuma kumezibwa, haiwezi kupita.

— Alikuwa anakutuliza.

— Miwani ndiyo mbaya zaidi, — alisema Profesa. — Jicho linadeka. Linasema, kama kioo kinafanya kazi, mimi nihangaike nini? Likifika hapo linaanza kulala mchana. Nawajua wasomaji wa maktaba, waliingia na miwani nyembamba, wakatoka na vioo kama matako ya chupa.

— Kwa hiyo avae lenzi?

— Wala. Lenzi inanasa mawimbi. Mtu akivaa mbili, kushoto na kulia, anaweza kuanza kuona simu inapiga kabla haijalia.

— Hiyo mimi ningeinunua, — akasema Betri.

— Kwani zinavaliwaje? — Shangazi akauliza, kwa kuwa pale kijiweni ni yeye peke yake anayeuliza kabla ya kujibu.

— Unanawa mikono kwa sabuni, unaikausha. Lenzi iko kwenye maji yake maalumu, si ya bomba. Unaiweka kwenye ncha ya kidole, laini kama gamba la dagaa, unafungua jicho kwa mkono mwingine, unaipeleka taratibu. Jioni unaitoa. Ukilala nayo unaweza kupata kidonda cha jicho.

— Na wewe uliweza?

— Walinijaribishia. Kidole kikikaribia, jicho linafunga. Nalibembeleza, linafunga. Mara ikaingia! Nikafurahi, nikapepesa, ikadondoka. Daktari, mimi na mke wangu tukawa tumepiga magoti sakafuni tunatafuta kitu kisichoonekana. Mke wangu ndiye aliyeiona. Imenasa kwenye kiatu cha daktari.

Tukacheka mpaka ubao ukacheza juu ya injini zake.

— Sasa umeamua nini? — nikamuuliza.

Brashi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.

— Nilikuwa nataka lenzi, Soli. Daktari mwenyewe akanionya: vumbi la msasa, mvuke wa thina, mikono yenye rangi, itakuwa shida. Lakini mimi mbishi. Aliyenigeuza ni mzee. Jana nilikwenda kumwambia. Kumbe naye alikuwa anajua.

— Amejuaje na haoni?

— Alinisikia. Anasema mtu akibisha getini kwake nilikuwa nauliza, "Nani huyo?" wakati geti liko wazi na mtu kasimama pale pale. Yeye ndivyo alivyoanza. Mwaka mzima mzee anasikia hiyo "nani huyo" yangu, anakaa nayo, hasemi. Anadhani ni yeye kanipa. Nilipomwambia daktari kasema presha sina, akashika mkono wa kiti chake hivi, akaushika sana. Nikampa miwani akaipapasa, kioo, vijiti vya masikioni, na kile kijisehemu cha puani. Nikamweleza na habari ya lenzi, kwamba mtu akivaa huwezi kujua. Akasema, "Na mimi nitajuaje?"

Brashi akairudisha miwani usoni.

— Akasema, "Kila asubuhi ukija kuniamkia nitakushika usoni. Nikiikuta hiyo, nitajua umetoka nyumbani unaona." Basi. Nimenunua mkanda wa kuifungia kisogoni isiteleze. Mambo ya lenzi tutayatazama siku nyingine, ya harusi labda.

Profesa akafungua mdomo kuhusu mikanda na damu ya kichwani, lakini Brashi alikuwa ameshasimama. Anatazama ng'ambo.

— Ni mama, — akasema.

Sisi tuliona mwanamke mwenye bluu. Brashi alishavuka. Mama mkwe alipomwona anamjia alirudi hatua nyuma, akashika kikapu kwa mikono miwili. Brashi akainama, akamwamkia, akabaki ameinama. Hatukusikia maneno. Tuliona mama anamwinua kidevu kwa kidole, anamvua miwani, anaiweka kwenye macho yake mwenyewe, anayumba kidogo, anaivua haraka. Akamrudishia usoni mwenyewe, kwa mikono yake, akaiweka sawa masikioni kama mtu anayemvisha mtoto kofia. Kisha kikapu kikahamia kwa Brashi, wakaondoka pamoja, mama akiongea njia nzima.

— Yamekwisha, — akasema Shangazi, akajifuta shavu.

Hapo ndipo akafika mwanamke mmoja mgeni, gauni limekunjwa kwenye mkono.

— Habari zenu. Namtafuta fundi cherehani. Nimeambiwa ni mlango ule wa kijani ng'ambo, naona umefungwa. Ile karatasi pale mlangoni imeandikwa nini?

Tukatazama. Karatasi ilikuwepo, nyeupe, katikati ya mlango.

— Amehama, — alisema Betri. — Ile ni ramani ya alikohamia.

— Amefiwa, — alisema Profesa, akikunja macho. — Karatasi fupi namna ile ni msiba. Na kama nasoma sawasawa, ni upande wa mama.

— Mimi naona kama bei, — nikasema.

— Bei za nini, mlango umefungwa? — akasema Betri.

— Soma basi wewe.

— Wewe ndiye uliye karibu!

Mgeni akatusubiri kwa adabu. Alipoona tunaanza kuinuka kwenye ubao mmoja baada ya mwingine, tunanyoosha shingo na kufinya macho, akashukuru, akavuka mwenyewe. Akasimama mbele ya mlango wa kijani, akasoma, kisha akageuka akatupigia kelele:

— Imeandikwa "Mlango unabana, sukuma!"

Akausukuma kwa bega. Ukafunguka. Tukasikia cherehani inalia ndani, kumbe ilikuwa inalia asubuhi yote.

Shangazi akainamisha birika kwenye kikombe cha Betri. Likatoka tone moja na machicha.

Profesa alikuwa bado anautazama ule mlango. Akafumba jicho la kulia. Akalifumbua, akafumba la kushoto. Mimi nikajifanya natafuta msumari kwenye kisanduku, nikafumba langu moja kwanza, kisha lingine.