Mkono na Mashine

Ndani ya basi la kwenda mji wa Überlingen, Ujerumani, Hedwig alikuwa amepakata kapu la pembe za ng'ombe. Mwanamume wa kiti cha pili alizitambua mara moja, maana naye kila vuli hujaza pembe samadi na kuzifukia shambani, samadi igeuke dawa ya udongo.

"Ukizifukua, hiyo samadi unaikoroga majini kwa mkono, mama?"

"Saa nzima. Wewe je?"

"Mashine."

Hedwig alimtazama kama mtu aliyekiri kulea mtoto kwa simu. "Mkono unaipa dawa uhai, bwana. Mashine inaipa nini, umeme?"

"Inanimalizia shamba lote. Wewe unamaliza?"

Hapo mwanamume alimgusa penyewe. Tangu bega la kulia la Hedwig liharibike, malisho yake ya juu hayajanyunyiziwa dawa hiyo, na nyasi zinaonyesha hivyo.

"Mashine ikikoroga, wewe unafanya nini?"

"Nakunywa kahawa."

"Afadhali husemi unasali."

Basi lilisimama kwenye kituo chake. Hedwig alinyanyua kapu kwa mkono wa kushoto, akafika mlangoni, akageuka.

"Hiyo mashine yako, ng'ombe hawaiogopi?"

"Wanasinzia tu. Njoo uione."

"Nimeuliza tu," akasema, akashuka.