Jina Aliloliruka Karani Efraimu

Kamwene, wapendwa. Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Yakobi, ndugu mliotoka Makambako na Makete katika baridi hii ya Juni, familia inawaomba mtulie na kuvumilia, kwa maana historia hii ni ndefu kuliko mlivyozoea, na aliyeifanya iwe ndefu ni marehemu mwenyewe, aliyeiandika kwa mkono wake mwezi Februari mwaka huu, akaacha nafasi mbili tu za kujaza, tarehe ya kufa na mahali pa kufia. Anayeisoma ni Irine, mtoto wake wa pili, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyoelekeza juu ya bahasha.

Nyote mnajua kwamba kwa miaka karibu arobaini marehemu ndiye aliyeandika historia za marehemu wetu, zaidi ya mia mbili, na mnalijua pia lile swali lake, kwamba wafiwa wakishamtajia watoto wote na kalamu ikishatua mezani, aliinyanyua tena na kuuliza, "Na mwingine yupo?" Swali hilo liliwaudhi watu, wapo waliomwita mbeya, ipo nyumba moja aliyoondolewa hata chai hajaimaliza, na wapo pia waliotazamana, kisha wakataja jina. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anauliza, na leo ndiyo siku aliyoichagua kujibu.

Marehemu Efraimu Ezekia Mwalongo alizaliwa hapa Yakobi tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yake, Telesia, na, hapa ameandika tusome polepole, mtoto wa pili wa baba yake, Mzee Ezekia. Huyo mnamfahamu kama mmoja wa waanzilishi, mtu aliyefyeka mteremko huu ulipokuwa pori tupu, akapanda miti ya miwati kabla majirani hawajajua faida yake, akabeba begani mawe ya msingi wa kanisa la kwanza, na ukoo mzima umelelewa kwa sifa hiyo, tumeitwa watoto wa waanzilishi tangu shuleni, tumevimba vichwa kwa jina hilo, wala hatukuwahi kujiuliza mwanzilishi alikuwa wapi kabla hajaanzisha.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1957, akaendelea na shule ya kati mjini Njombe, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, na katikati ya masomo hayo, mwaka 1963, akapata kipaimara. Alianza kazi mwaka 1965 kama karani katika mashamba ya miwati, akipima magome na kuandika majina ya wachunaji, na reli ilipoanza kazi mwaka 1976 akaajiriwa karani wa mizigo katika stesheni ya Makambako, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2004 bila kupoteza mzigo wa mtu, jambo ambalo hakutuacha tulisahau. Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa takatifu na Oktavia, aliyeketi hapa mbele yenu akiwa mjane, na Mungu akawajalia watoto wanne, Jastin, Irine, Denis na Jasmine.

Mwezi Agosti 1987 Mzee Ezekia aliugua, naye marehemu akaomba ruhusa kazini, akaja kumuuguza, na siku tatu kabla ya kufa mzee akamtuma mkewe mtoni, akamwambia mwanawe kwamba huko Ipelele, Makete, alikotoka, alimwacha mke aitwaye Dorosela na mtoto wa kike aitwaye Tabea, kwamba aliaga anakwenda kutafuta fedha ya kodi, akafika Njombe, akapata ardhi, akapata mke mwingine, akawa mzee wa kanisa, na kila mwaka uliopita ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi. Alifariki tarehe 21. Kikao cha ukoo kikampa marehemu kazi ya kuandika historia, kwa kuwa ndiye karani, naye akaketi na karatasi, akawaza mama yake mjane, akawaza heshima ya mzee wa kanisa, akawaza wanaukoo watakavyoanza kuitwa wakuja katika ardhi waliyojisifia, akaandika kwamba baba yake alizaliwa Yakobi na ameacha watoto sita.

Jumapili tarehe 23 Agosti 1987 alisimama mahali hapa anaposimama Irine, akasoma. Katika safu ya tatu, upande wa akina mama, aliketi mwanamke asiyemfahamu, amejifunga kitenge cha bluu, amekuja peke yake, na uso wake ulikuwa wa Mzee Ezekia kabisa, paji la uso lilelile, mdomo uleule uliobanwa. Marehemu anasema alimtambua kabla hajafika kwenye orodha ya watoto, na kwamba angeweza kusimama, angeweza kukohoa tu akaongeza jina, lakini alisoma majina sita kwa sauti ya karani, akafunga karatasi, na alipoinua macho mwanamke yule alikuwa ameshainuka, anapita kati ya watu kuelekea barabarani, jeneza halijashushwa. Marehemu ameandika hivi, nasi tunasoma kama ilivyo: "Niliona aibu, na aibu hiyo sikuimaliza."

Tangu hapo ndipo alipoanza kuwaandikia wengine na kuuliza lile swali, na alipostaafu akaanza kumtafuta. Alikwenda Ipelele mwaka 2006, akaenda tena mwaka 2009, akashinda katika baridi ya kule akiuliza nyumba kwa nyumba habari za Tabea binti wa Ezekia Mwalongo, akaomba hata vitabu vya ubatizo vya zamani, na kila alipouliza watu walimwonea huruma wakatikisa vichwa, kwa sababu Ipelele nzima haikuwahi kuwa na mtu wa jina hilo. Nyumbani tulimwambia aache, tukamtania kwamba karani aliyesafirisha mizigo ya nchi nzima ameshindwa kupata mzigo wake mmoja, naye hakucheka, tunakiri leo kwamba utani ule ulikuwa mbaya.

Mwaka 2013 alikwenda mara ya tatu, safari hii akachukua picha ya Mzee Ezekia iliyokuwa ukutani sebuleni, na mzee mmoja wa kule aliipeleka picha kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu siyo Mwalongo. Huyu ni Ezekia Chaula, alituaga anakwenda kutafuta kodi, tukamwambia usichelewe." Ndipo marehemu alipoelewa kwamba baba yake alipofika Yakobi alipokewa na mzee wa ukoo wa Mwalongo, akakatiwa mteremko, akaomba na jina pia ili ahesabiwe mwenyeji, na kwamba yeye, mwenye kuandika majina ya watu maisha yake yote, alikuwa akimtafuta dada yake kwa jina la kuazima. Yule mzee akamwelekeza mahali Tabea alipokuwa akiishi, naye marehemu akabaki amesimama mlangoni na picha yake, kwa maana mahali penyewe palikuwa Makambako.

Aliishi nyuma ya stesheni. Alihamia pale na mumewe mwaka 1979, akauza viazi sokoni, watu wote wakimwita Mama Yunis kwa jina la binti yake, na kwa miaka ishirini na mitano marehemu alikula chakula cha mchana dakika kumi kutoka mlangoni kwake. Alipomfikia hatimaye na kujieleza, Mama Yunis alimkaribisha kiti, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, mtu wa kwetu aliyemtambua baba ndiye aliyeniambia amekufa, lakini mimi sikuja kudai shamba. Nilikuja kusikia natajwa. Ulisoma mbele ya watu, basi na kurekebisha urekebishe mbele ya watu."

Marehemu aliahidi, na ahadi hiyo ndiyo iliyomtesa miaka kumi na miwili. Mama yake Telesia alimwambia angoje kwanza afe, akangoja, akamzika mwaka 2021, na baada ya hapo wadogo zake, wakiongozwa na Baba Mdogo Edward, wakamkatalia kwa sababu ardhi ilikuwa inapimwa na haukuwa wakati wa kujitangaza kuwa tulitoka kwingine. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi alipanda gari kwenda Makambako, na kila alipofika dada yake alimuuliza, "Karani, umeshaandika?" naye akajibu bado, wakanywa chai, wakaongea habari za viazi, akarudi. Dada hakukubali kukanyaga Yakobi tena, na marehemu hakuwahi kumlaumu.

Mwezi Novemba 2023 marehemu alianza kupata shida ya kumeza chakula, akatibiwa hapa Njombe, kisha akapelekwa hospitali ya Ikonda, ambako iligundulika kuwa ni uvimbe katika koo la chakula, akawa anakwenda na kurudi mwaka mzima, akikonda lakini akiandika. Mwezi Mei alilazwa hukohuko Ikonda, na Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, miezi miwili na siku ishirini na sita, hesabu tuliyoirudia mara tatu kwa kuwa tunajua angeikagua.

Wapendwa, hatuwezi kujifanya kwamba karatasi hii imefika hapa kwa amani. Jumanne mchana kikao cha ukoo kilipitisha historia nyingine, fupi, safi, yenye watoto sita, na Baba Mdogo Edward aliomba kwa machozi tusimwaibishe Mzee Ezekia kaburini, nasi tunamheshimu, tunajua ni uchungu unaomsemesha. Aliyemaliza mjadala ni mjane, aliyesema maneno matatu, "Msomeni alivyoandika yeye," akarudi jikoni kwa akina mama.

Kwa hiyo, kwa maelekezo ya marehemu, familia inarekebisha historia iliyosomwa hapa tarehe 23 Agosti 1987. Mzee Ezekia Chaula, aliyejiita Mwalongo, alizaliwa Ipelele mwaka 1921, akamwoa Dorosela mwaka 1943, akahamia Yakobi mwaka 1946 akiwa mgeni na akapokewa vizuri, akamwoa Telesia, na alipofariki aliacha watoto saba, na mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa Ipelele mwaka 1945, ni Tabea Ezekia Chaula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ikonda, waliomhudumia hata alipoacha kuwa mgonjwa mwepesi, inawashukuru majirani wa Yakobi kwa kuni, unga na mikono yenu, wafanyakazi wenzake wa reli mliokuja na sare zenu za zamani, mchungaji na kwaya, na wazee wa Ipelele mliopokea simu ya watu msiowajua mkasafiri siku nzima mkisema mnakuja kuzika mtoto wenu. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, na kwa mara ya kwanza tunaona sentensi hiyo ilivyo nzito.

Mashada ya maua yamepangwa mezani kwa utaratibu, na la kwanza ni la dada mkubwa wa marehemu. Dada yetu Yunis alipopigiwa simu alisema mama yake ameamka mapema, amevaa, lakini hakusema anakwenda wapi, na hapa mbele hatukumwona akiingia. Lakini upande wa akina mama, safu ya tatu, kuna kitenge cha bluu, na Irine amekuwa akikitazama tangu alipoanza kusoma. Shangazi, kama ni wewe, umetajwa. Barabara iko palepale, hakuna atakayekuzuia, na shada lako liko hapa, jeneza halitashushwa mpaka utakapoamua.

Baba, pumzika kwa amani, mwingine yupo.