Sista Abigael na Presha Iliyoshuka Bila Sisi Kujua Kwa Nini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Sista Abigael Nyakerario, muuguzi wa ziara za nyumbani katika kituo chetu cha afya hapa Nyaramba, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1998. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Thadeus Angwenyi, afisa wa kliniki, nieleze mafanikio yake kwa ufupi. Nilikubali haraka, kisha nikakaa siku kadhaa bila kujua niandike nini. Wodi ya wazazi aliyosimamia ujenzi wake mnaiona kutoka barabarani. Lakini kazi iliyompa jina huku kwetu, ile ya kutembelea nyumba zenye mtoto wa kwanza, hadi leo hatujaielewa. Yeye mwenyewe anasema haielewi.

Alizaliwa Marani, akaja kwetu mwaka 1967 na viatu vya kisigino ambavyo tope la hapa lilivimeza kabla wiki haijaisha. Tangu hapo ni gambuti, viatu virefu vya mpira. Watoto walizizoea gambuti hizo kiasi kwamba siku moja ya Sabato alipokwenda kanisani na viatu vyeusi, mmoja alimuuliza mamake huyo mgeni ametoka wapi.

Mwanzo wa yote ni Bonareri. Mwaka 1990 alimzaa mtoto wake wa kwanza, Anyona, presha ikiwa juu kiasi cha kututisha. Mara nyingi presha ya namna hiyo hushuka wiki chache baada ya kujifungua. Yake ilikataa. Nilimbadilishia dawa, nikaongeza, na bado kila alipokuja kliniki kichwa kilimuuma na miguu ilikuwa imevimba. Mtoto naye alilala vibaya, na moyo wake ulikwenda mbio hata akiwa ametulia. Tuliwapeleka hospitalini Kisii, moyo wa mtoto ukaonekana hauna kasoro, wakarudi vile vile walivyokwenda. Niliogopa kwamba mama huyo angepata kiharusi kabla mwanawe hajasimama.

Abigael akaenda kuiona nyumba. Alimkuta Bonareri akichuma chai na mtoto mgongoni. Akitoka shambani anachota maji, akitoka mtoni anapika. Mumewe, Mogaka, alikuwa kibarua Kericho na alionekana mara moja moja. Mama mkwe, bibi Nyamusi, aliishi ng'ambo ya ua tu, lakini hawakuwa wamesalimiana tangu ugomvi wa siku za harusi ambao hakuna aliyetaka kuueleza.

Abigael hakumhubiria mtu. Alianzia kwa bibi, akanywa uji wa wimbi, kisha akavuka ua kwenda kwa Bonareri. Akafanya hivyo wiki baada ya wiki. Siku moja ya mvua alimwomba bibi amshike mkono kwa sababu ua ulikuwa unateleza. Bibi alimshika, wakafika hadi mlangoni, na hapo akamwona mjukuu wake kwa karibu. Akanyoosha mikono. Bonareri alisita, kisha akampa mtoto.

Mogaka alitumiwa ujumbe kwamba anahitajika nyumbani. Alifika akihema.

"Sista, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Abigael alimjibu. "Ndiyo maana nimekuita sasa."

Mogaka hakurudi Kericho. Alitafuta kazi kwenye kiwanda cha chai cha karibu, na jioni alimwogesha mtoto nyuma ya nyumba, mahali ambapo vijana wa rika lake hawangemwona.

Miezi michache baadaye presha ya Bonareri ilishuka. Nilidhani kipimo kimeharibika, nikaleta kingine, kikasema vile vile. Nikapunguza dawa, na bado haikupanda. Mtoto alianza kulala, na moyo wake ukatulia. Mogaka, aliyekubali kupimwa kwa mzaha tu, alikutwa na presha ya juu ingawa alikuwa kijana, nayo ikashuka kabla sijaamua nimpe dawa gani.

Tulibishana sana. Mimi nilishikilia kwamba ni usingizi. Mwenzangu mmoja alisema ni chumvi iliyopungua tangu bibi aanze kupika. Mzee wa kanisa alisema ni msamaha. Abigael alisikiliza wote, akasema huenda ni kweli, na huenda si kweli.

Mwaka 1993 aliazimwa na kliniki moja ya mjini Kisii, na huko hoja zetu zote zikavurugika. Jayshree, mke wa Ishwar mwenye duka la vitambaa, alikuwa amejifungua binti, Disha. Nyumba ilijaa wasaidizi: mama mkwe, shangazi, mfanyakazi. Hakunyimwa usingizi, na chumvi walikuwa wameipunguza. Presha bado ilikuwa juu. Abigael alirudi kwetu mwisho wa wiki amechoka kwa kuwaza, akatuuliza mtu aongezewe nini ikiwa kila kitu anacho. Hatimaye alimuuliza Jayshree mwenyewe.

"Mtoto napewa anyonye tu, Sista," alisema. "Halafu wanamchukua."

Abigael alizungumza na mama mkwe, na tangu hapo mchana Jayshree na mwanawe waliachwa peke yao. Presha ikashuka, ikapanda, ikashuka tena. Nyumba moja ilihitaji mikono, nyingine ilihitaji mikono iondolewe. Sijui utaandikaje jambo kama hilo kwenye kitabu cha mafunzo.

Mwaka huu Anyona ana miaka minane. Nimempima mwenyewe, moyo wake unapiga taratibu, presha ni nzuri. Je, ni zile ziara? Watoto wengi wana moyo mzima bila kutembelewa na mtu. Siwezi kusema.

Kisha ukaja mwezi wa Mei, uchunguzi wa kabla ya kustaafu. Abigael ni mjane, na wanawe wako Nakuru na Mombasa. Presha yake ilikuwa juu sana. Aliniangalia kama mtu aliyesomewa jina lisilo lake. Nilimwandikia dawa, akawa anazimeza akikumbuka.

Alimwambia bibi Nyamusi habari hiyo sokoni, akicheka. Jumapili iliyofuata nilipompelekea dawa, nilimkuta Bonareri, Mogaka, bibi na mtoto wamejaa sebuleni na mkungu wa ndizi. Abigael alikuwa amesimama katikati, hajui aweke wapi mikono. Aliwauliza nani mgonjwa. Akataka kumpima mtoto uzito.

"Hakuna mgonjwa, Sista," Bonareri alisema. "Hata sisi hatujui tunafanya nini hapa. Wewe keti."

Akaketi. Mogaka akaingia jikoni kutafuta sufuria. Tangu siku hiyo hawajakosa Jumapili.

Wiki jana nilimpima tena. Imeshuka, si sana, lakini imeshuka. Nilimwambia ni dawa. Akaniuliza kama nina hakika, nami nikamwambia sina.

Sista, asante kwa kila ua uliouvuka kwa ajili yetu. Tunakuombea siku nyingi, afya na moyo uliotulia. Dawa meza kila asubuhi, na Jumapili usifunge mlango.