Mama Aliyetembea Mito Tisa kwa Miguu

Siku yangu ya kwanza ofisini nilisikia mtu akitembea juu ya changarawe nyuma ya mgongo wangu. Krachu, krachu, krachu: hatua sawasawa, zisizo na haraka. Niligeuka nimpishe. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na meza, spika ndogo iliyofungwa kwa utepe wa gundi, na mama mmoja mwenye sweta la kijani aliyeegemea kiti, pedi ya mchezo mkononi, akimtembeza msafiri wa kwenye skrini kando ya mto. Hakuvaa hedifoni. Hakuwahi kuvaa. Alisema anayetembea masikio yameziba mwisho wake ni kugongwa.

Mama huyo, ambaye sote tunamwita Mama Viraka, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka ishirini na tatu na miezi minne. Alipoajiriwa, kampuni ilikuwa na watu saba na birika moja, katika chumba cha ghorofani juu ya mafundi cherehani. Leo tuko sitini na wawili, birika zimekuwa tatu, na kati ya wale saba amebaki yeye peke yake.

Kwa kuwa jarida hili husomwa pia na wazazi, waume, wake na watoto wetu, ambao wengi hawajui hasa tunafanya nini mchana kutwa, nieleze kidogo. Tunatengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Mito Tisa. Mchezaji anakuwa msafiri katika nchi ya kubuni yenye majoka, wachawi na mapango, naye huenda atakako. Akitaka kupigana, apigane. Akitaka kujenga nyumba, kuoa na kufuga mbuzi, hakuna wa kumzuia. Kila baada ya miaka kadhaa tunaiongezea nchi hiyo sehemu mpya, na sehemu hiyo tunaiita nyongeza.

Mama Viraka hakuajiriwa kujenga wala kujaribu mchezo. Aliajiriwa kupiga chapa. Mwandishi wa kampuni aliandika kwa penseli maneno ya wanavijiji wa kwenye mchezo, naye aliyaingiza kwenye kompyuta. Wiki ya pili aliacha kupiga chapa, akainuka, akaenda kusimama mbele ya meza ya mwandishi.

“Baba, watu wako hawasalimiani,” alimwambia. “Mtu anatoka porini na panga mkononi, anaingia nyumba ya wenyewe, anaambiwa ‘Nenda kaue joka.’ Hata hodi hakuna?”

Mwandishi, ambaye hasira zake zilikuwa karibu, alimjibu kwamba kama anajua sana aandike mwenyewe. Akaandika. Hivyo ndivyo alivyozaliwa yule mwanamke wa kinu, ambaye salamu zake huchukua dakika nne. Anakuuliza habari za nyumbani, za njiani, za miguu, za mama yako, na za miguu ya mama yako. Wachezaji wa mwanzo walilalamika. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wanashindana nani atamsikiliza hadi mwisho bila kubonyeza kitufe cha kuruka, na waliofika mwisho waligundua jambo ambalo hata sisi hatukuambiwa: mwanamke yule hutoa mkate unaoponya jeraha lolote. Mkurugenzi wa wakati ule alipouliza ni nani aliyeruhusu mkate huo, Mama Viraka alisema aliona haya mgeni kuondoka mikono mitupu.

Hata zile hatua juu ya changarawe ni zake. Alizirekodi jikoni kwake, amevaa viatu vya mumewe, akikanyaga maharage makavu ndani ya sufuria pana. Maharage yenyewe hayakutupwa. Mumewe, mwalimu wa hesabu, anaapa hadi leo kwamba wiki ile nzima chakula kilinukia kiwi ya viatu. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyewaambia majirani kwa miaka kumi kwamba mke wake anafanya kazi kwenye ofisi ya ramani. Siku alipokuja kumchukua akamkuta anampiga mzimu kwa fimbo, alisimama mlangoni, akatazama, kisha akasema, “Ndiyo maana nyumbani humwogopi mtu.”

Tulipoutoa mchezo kwa mara ya kwanza, Mama Viraka alikuwa amekwisha kuwa mjaribu wetu mkuu, na alikuwa ameanzisha jambo ambalo sasa ni desturi ya nyumba. Hakuna kinachotoka humu kabla hajakitembea kwa miguu. Anaanzia lango la kijiji cha kwanza na kuishia jiwe la mwisho la nchi mpya, bila farasi, bila milango ya uchawi inayomrusha mtu mbali. Safari hiyo humchukua siku kumi na moja za kazi. Kando ya kikombe cha chai huweka daftari la mistari, na tunaolipokea daftari hilo hulisoma tukiwa tumekaa. “Mto wa tatu unapanda mlima. Uambieni ushuke.” “Mbuzi wa mjane hana kivuli.” “Mwashi amekaa ndani ya ukuta tangu juzi, naomba mtu amuulize kama amekula.” Mjenzi wetu mmoja, ambaye mikono yake ni dhahabu ila macho huyaacha nyumbani, ameyakata maneno hayo ya mwashi na kuyabandika juu ya skrini yake.

Lakini jina la Mama Viraka halikutoka kwenye daftari. Lilitoka kwenye kosa letu.

Nyongeza yetu ya kwanza ilikuwa kinamasi. Kilikuwa chini kuliko bahari, na kila tulipokiunganisha na nchi ya zamani, bahari yote ilimiminika humo. Badala ya kukiinua kinamasi, mtu alitoa shauri la kuiinua nchi nzima ya zamani, kimo cha mtu na nusu, iyazuie maji kama ukuta. Likapita. Kwenye skrini zetu kila kitu kilipendeza, kwa sababu sisi wa ofisini huanza mchezo upya kila asubuhi. Mama Viraka naye, katika safari zake zote, huanza na msafiri mpya asiye na kitu. Humu ndani hamkuwa na hata mmoja aliyekuwa na nyumba.

Waliokuwa na nyumba ni wachezaji, na kompyuta zao zilikumbuka kila nyumba ilijengwa wapi na kwa kimo gani. Walifungua mchezo wakakuta paa tu limechomoza ardhini kama kofia. Chini huko, wake na waume wa kwenye mchezo waliendelea na maisha yao. Ikifika jioni walisikika ndani ya udongo wakisema, “Karibu nyumbani, pole na safari.”

Barua zilikuja kwa mamia. Nyingine zilikuwa za matusi, na hizo tulizistahili. Moja ilitoka kwa nesi mstaafu. Nyumba yake, aliandika, aliijenga pamoja na marehemu mumewe, wakipokezana pedi, na rafu ya vitabu ndani yake aliipanga mume wiki moja kabla ya kulazwa. Hakulalamika. Aliuliza tu kama kwenye mchezo huu kuna koleo.

Ofisi iliandaa jibu moja la kuwatumia wote: tunasikitika, tafadhali anzeni upya. Mama Viraka alilisoma na kukataa katakata kulituma. Badala yake aliwaandikia wachezaji, mmoja mmoja, wamtumie faili za michezo yao. Walimtumia mia tatu arobaini. Kwa miezi mitano alifungua faili baada ya faili na kuinua nyumba kwa mkono, ukuta, uzio, mbuzi na kitanda. Alianza na ya nesi. Nyumba ya mwanafunzi mmoja aliikosea hesabu, ikaning'inia hewani kama kiota. Mwanafunzi akaomba iachwe hivyohivyo, akaweka ngazi. Viraka alivyoshona miezi ile ndivyo vilivyompa jina, na juu ya birika akabandika karatasi ambayo ipo hadi leo: ARDHI YENYE NYUMBA ZA WATU HAIGUSWI.

Nyongeza ya pili, visiwa, ilikaa mbali baharini na haikumgusa mtu. Nyongeza ya tatu, itakayotoka mwezi ujao, ni mlima wa kaskazini, na mjenzi wa mlima huo ni mimi ninayeandika haya. Kaskazini ya nchi yetu ni nyembamba. Ili mlima uwe mrefu kama nilivyoutaka, mteremko wake wa kusini ulibidi ushuke hadi ndani ya Bonde la Kwanza, na bonde hilo ndiko walikojenga wachezaji wengi kuliko kwingine kote. Nyumba iliyofukiwa tambarare unaweza kuiinua. Kwenye mteremko ukiiinua, mlango unafunguka hewani na mbuzi wanaporomoka. Kwa hiyo mwezi wa pili, Mama Viraka akiwa likizo ya kumlea binti yake aliyejifungua, kikao kiliamua kwamba nyongeza ya tatu itawataka wachezaji wote waanze upya. Nilikuwepo kikaoni. Nilinyoosha mkono pamoja na wengine.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa sasa, ambaye ni yeye aliyemfundisha kazi na hadi leo humwita mwanangu hata mbele ya wageni. Mlango ulikuwa wazi, kama kawaida yake anapotaka tusikie.

“Mama, ni mchezo tu,” mkurugenzi alisema. “Wataanza upya, na watapenda.”

“Mke wako hajambo?”

“Hajambo, mama.”

“Mmekaa miaka mingapi?”

“Kumi na minne.”

“Basi kesho anza upya, mwanangu, halafu uje uniambie umependa.”

Mkurugenzi alicheka hadi akatoa machozi, na sisi tuliokuwa nje tulicheka pia, lakini uamuzi ulibaki palepale. Mama Viraka hakuurudia mjadala. Alichukua pedi, akaanza safari yake ya mwisho, na siku ya nane akafika chini ya mlima wangu. Aliupanda. Siku tatu zilizofuata niliisikia changarawe ile kutoka mezani kwangu na sikuweza kufanya kazi nyingine. Aliposhuka aliniita.

“Mlima mzuri, binti yangu,” alisema. “Nimeupanda mara tatu, na mara moja sikuwa na sababu.”

Nilimuuliza kuhusu bonde. Alisema yeye anaondoka tarehe thelathini, mwenye mlima ni mimi, na asingependa mtu amfanyie hisani ya kuagana kwa kuharibu kazi ya watu wengine. Kisha akarudi mezani na kufanya jambo ambalo hakumwomba mtu alitazame. Zile faili mia tatu arobaini, ambazo wenyewe walimruhusu azihifadhi, alizifungua moja moja ndani ya nyongeza mpya. Daftari lake la mwisho halina mzaha hata mmoja. Lina safu ya majina na mbele ya kila jina neno moja. Mwanafunzi: imefukiwa. Baba wa mapacha: imefukiwa. Nesi: imefukiwa. Mia mbili na sita wana neno hilo.

Nimelisoma daftari hilo mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri kwenye jarida la kazi. Mteremko wa kusini ni miezi kumi na minne ya maisha yangu. Una msitu ambao majani yake niliyapanga kwa kufuata upepo, na kijiji cha wafua chuma ambacho hakuna mchezaji aliyewahi kukiona. Nilijaribu kuusogeza mlima. Nyuma yake hakuna nafasi. Nilijaribu kuufupisha, ukawa kichuguu. Kwa wiki mbili nilijiambia kuwa kikao kilikwisha kuamua, na kwamba mkono wangu ulikuwa mmoja tu kati ya mingi.

Mama Viraka, haya yote hukutaka yaandikwe, na utanigombeza Ijumaa mbele ya keki. Nikubali tu. Kwa niaba ya waliokuwa saba na walio sitini na wawili, tunakushukuru kwa kila kilomita. Umetufundisha kupiga hodi kwenye nchi tuliyoiumba wenyewe. Mwalimu amekwisha kununua viatu vya kutembelea, pea mbili, na anasema safari hii vitakanyaga udongo wa kweli. Mtembee salama, mpumzike mnapochoka, mjukuu akue akiwafuata nyuma, na siku zenu ziwe nyingi na nyepesi.

Nakuarifu pia, pamoja na wenzangu watakaoisoma habari hii hapa kwa mara ya kwanza, kwamba Jumatatu asubuhi nilimwandikia mkurugenzi kwamba naondoa mkono wangu kwenye ule uamuzi, na kabla hajajibu niliufuta mteremko wa kusini wote, msitu na kijiji. Jibu lake lilikuja saa sita: “Haya, binti wa Mama Viraka.” Tangu jana asubuhi faili zote mia tatu arobaini zinafunguka bila nyumba hata moja kufukiwa, na nyongeza ya tatu itatoka tarehe ileile, ikiwa na mlima wa upande mmoja.