Mama Mwanakheri na Moyo Uliowachanganya Madaktari

Tarehe 30 Juni 1997, Bi Mwanakheri Mwinshehe, opereta wetu wa simu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Alianzia Kilosa mjini, akahamia Mikumi mwaka 1984, na tangu hapo hakuna simu ya mbali iliyotoka hapa bila kupita mikononi mwake.

Binti huyu wa Chanzuru alijulikana kwa sauti kabla ya sura. Ilikuwa nyembamba, safi, yenye kicheko ndani yake. Enzi za Kilosa, Mzee Saitabau wa Tindiga alifika kumpigia mwanawe aliyekuwa Dar es Salaam, akapaza sauti hadi watu wakatoka sokoni kutazama. Mama Mwanakheri akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, ng'ombe wako huko Tindiga wameshasikia. Sasa zungumza na mtoto." Mzee alicheka, na akawa mteja wake hadi Mama alipohamia Mikumi.

Mwaka 1995 sauti ile ikabadilika. Ikawa nzito na ya kukwaruza. Hussein, mfanyabiashara wa mpunga aliyezoea kumwamkia kila asubuhi, alisema kwenye simu, "Kaka, hebu niitie Mama Mwanakheri nimwamkie." Akajibiwa, "Ndimi, mwanangu. Marahaba." Hussein akakata simu, akaja mwenyewe kuhakikisha.

Si sauti tu. Alichoka kabla ya saa nne, na mchana wa Novemba, sisi tukijipepea, yeye alivaa sweta. Ofisini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Huyu alisema ni umri, yule akasema ni vumbi la barabara kuu. Wengine walisema ni hofu ya kupunguzwa kazini, maana mwaka ule hofu hiyo hakuikosa mtu. Shangazi yake alishauri atafutiwe mganga.

Hospitalini alikutwa na presha iliyopanda kidogo na mafuta mengi kwenye damu. Damu ikapelekwa kupimwa Dar es Salaam, na jibu likarudi kwamba tezi ya shingoni imelegea, yaani inafanya kazi pungufu, hali iwezayo kuleta uchovu, baridi na sauti nzito, lakini kidogo tu. Tukashangaa, kwa sababu shingo yake haikuwa na uvimbe wowote.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipokolea. Daktari wa kwanza alisema tezi hiyo ikiachwa inaweza kuuchosha moyo wa mwanamke wa umri wake, hivyo ameze vidonge. Wa pili alisema tezi iliyolegea kiasi hicho mara nyingi haihitaji dawa, na kwamba vidonge vikizidi ndivyo vitakavyouchosha moyo. Mama Mwanakheri alirudi kazini akasema, "Moyo ni huu mmoja. Wote wawili wanaulinda, na kila mmoja ananikataza alichosema mwenzake. Mimi nimsikilize nani?"

Alichagua vidonge. Baada ya wiki kadhaa baadhi yetu tuliapa kwamba sauti inarudi. Wengine hawakusikia tofauti. Yeye aliitaka sauti yake kwa hamu kuliko alivyokiri. Maduka binafsi ya dawa yalikuwa yameanza kufunguliwa mjini, akanunua vidonge vya ziada na kuongeza kipimo bila kumwambia mtu.

Asubuhi moja ya Machi 1996, akiwa anaunganisha simu ya Morogoro, alishika kifua akasema, "Anselmi, moyo wangu unakimbia." Anselmi, fundi wetu wa mitambo, alimdaka kabla hajaanguka. Tulimpeleka hospitali kwa gari la msamaria, jasho likimtiririka, mapigo yakiruka bila mpangilio. Siku ile tulidhani tunampoteza.

Moyo ulitulia, naye akakiri vidonge alivyojiongezea. Vidonge vikasimamishwa, akatakiwa kusubiri na kupimwa tena. Kipimo kilichofuata, bila dawa yoyote, kilionyesha tezi imepata nafuu kidogo. Uchovu ulipungua. Sauti haikurudi. Ilikuwa tezi? Ilikuwa umri? Daktari wa pili alikiri hajui, na Mama Mwanakheri akatuambia huyo ndiye aliyemwamini kuliko wote.

Amefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja tangu hapo. Amewafundisha mabinti wawili swichibodi ya kuunganishia simu, na hupimwa presha na damu kila anapoitwa hospitali. Wateja wameizoea sauti nzito. Hussein anadai inafaa zaidi kwa kugombeza.

Sisi bado tumechanganyikiwa, yeye hapana. Juzi alituambia, "Nimeacha kudai jibu. Nadai kupimwa, na kutomeza kitu nisichoandikiwa."

Asante, Mama, kwa subira yako na kwa kila mtu uliyemkutanisha na mtu wake. Nenda Chanzuru ukapumzike; tunakuombea usingizi mwema, wajukuu wenye adabu, na moyo usio na haraka.

Lois Sapit, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, Mikumi